Machela ya Kwenda Kazini

Nilisikia miguu kabla sijaona chochote. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye kibanja chetu, ukafunika migomba na mibuni, ukafunika jiko la nje, na dirisha la chumba changu lilikuwa jeupe tupu. Ndani ya weupe ule miguu ilikuwa inakuja. Ilikuwa miguu ya wanaume wengi wanaokwenda kwa mwendo mmoja bila kuzungumza, na katikati yake mlio wa mianzi inayosuguana na kamba. Hapa Kanoni, labda mtoto anayenyonya ndiye asiyeujua mlio huo. Ni machela. Mtu amezidiwa, au mtu amefariki.

Nikajiinua kwa viwiko nikakaa, nikawapitia majirani mmoja mmoja kichwani. Kulikuwa na bibi wa nyumba ya juu, na kifua chake kisichopona. Kulikuwa na mke wa fundi baiskeli, aliyekuwa anakaribia kujifungua. Miguu ilifika njia panda ya kwa bibi, haikukata kona. Ikapita kwa fundi baiskeli. Ikaingia uani kwetu na kusimama. Mtu akakohoa, kisha nikasikia sauti ya baba mdogo ikimsalimu mama kwa Kinyambo na kumuuliza, kama anayeulizia gunia la kahawa, "Yuko tayari?"

Walikuwa wamenifuata mimi.

Siku hiyo nilitakiwa kuripoti kazini. Nilikuwa nimepangiwa kufundisha Kiswahili katika shule moja ya sekondari kule Kaisho, wilaya ya jirani, baada ya miaka ya kukaa nyumbani na cheti changu cha ualimu, nikiandika hadithi mezani na kuchambua maharage katikati ya sura. Kiti mwendo changu kilikuwa kimepanguswa na kutiwa mafuta tangu jana yake. Lakini mvua ilikuwa imenyesha mfululizo, na njia ya kutoka kwetu mpaka barabara kubwa ilikuwa imekatika. Pale penye mteremko maji yalikuwa yamechimba mfereji ambao mbuzi aliuangalia akarudi. Mimi nilikuwa nimelala nikiwaza mfereji. Mama, kumbe, alikuwa ameshaumaliza.

Aliingia na taa ya simu mkononi, tayari amevaa kitenge cha kanisani.

"Vaa, wamefika."

"Mama, mimi siumwi."

"Nani amesema unaumwa?"

"Machela ni ya nani?"

"Ya mtu asiyeweza kupita. Wewe unaweza kupita?"

Akakaa ukingoni mwa kitanda na kuanza kunivalisha soksi, ingawa soksi navaa mwenyewe tangu nilipokuwa mdogo. Miguu yake ilikuwa imevimba tena. Alikuwa amezunguka nyumba kwa nyumba jioni nzima kwenye matope kuwaomba wale wanaume, na hakuniambia kwa sababu alijua ningekataa.

Ningekataa, ndiyo. Lakini kukataa machela kwetu si jambo la kusema hapana ukarudi kulala. Kila nyumba inatoa mabega. Mwenye kijana anatoa kijana, asiye na kijana anaweka kibarua wake, na wale waliokuja miaka mingi iliyopita kutoka Rwanda na Burundi wamo pia, kwa sababu ugonjwa hauulizi mtu alikotoka. Hakuna malipo. Mgonjwa akifikishwa, wabebaji wanapewa kahawa ya kutafuna na maji, basi. Ukiyarudisha mabega hayo uani umesema nyumba yako haiyahitaji, na maneno hayo yanakumbukwa. Baba alipougua yalimpeleka hospitali, na ni hayo hayo yaliyomrudisha. Iko siku yatamfuata mama. Nilimwangalia akihangaika na soksi ya pili na nikajua kwamba sina haki ya kuwafukuza.

Lakini nilijua vilevile machela inavyosema. Ikipita njiani, watu wanatua mizigo. Wanasimama pembeni, wanaume wanavua kofia, na anayelala juu yake anaitwa mgonjwa hata kabla hajaulizwa. Neno hilo lina miguu mizuri kuliko yangu. Nilitaka siku ile nifike Kaisho nikiwa mwalimu. Hilo tu. Kama ningeingia shuleni kama mgonjwa, nilijua ningeendelea kuwa mgonjwa pale mpaka nistaafu.

Nje, ukungu ulikuwa umeanza kupasuka. Baba mdogo alisimama mbele ya wenzake amevaa koti la marehemu baba. Yeye ndiye kiongozi wao, na ni mtu wa taratibu.

"Shikamoo, baba mdogo. Shikamooni."

"Marahaba, mwalimu. Lala hapa twende."

"Nitakwenda, na nawashukuru. Ila silali. Nitakaa."

Akatazama machela, akanitazama mimi. "Machela haikaliwi."

"Kwa nini?"

"Haijawahi kukaliwa."

Mmoja wao, kibarua mrefu anayepalilia mashamba ya watu na kuwachekesha wenye mashamba, alikuwa ameshakichukua kiti changu na kukigeuza juu chini kichwani, magurudumu yakiangalia mbingu. "Mwacheni akae," alisema chini ya kiti. "Enzi za Mkama, wafalme walibebwa wamekaa. Sisi tulibeba tu, hatukuuliza."

"Wewe babu yako hakumbeba Mkama yeyote," mwingine akamwambia. "Babu yako alikuwa bado hajavuka mto."

"Ndiyo maana nabeba leo. Nalipa deni lake."

Wakacheka, na baba mdogo akacheka kidogo asionekane. "Ukianguka, shemeji nitamwambia nini?"

"Mwambie nilianguka nikiwa nimekaa."

Wakaviringisha mkeka wa kuanikia kahawa, wakaufunga nyuma kwa kamba ili niegemee. Mama akaja na blanketi na kutaka kunifunika mpaka kifuani, kama inavyofanywa. Nikamshika mkono. Alilikunja blanketi na kulitia chini yangu, halafu akanipa mkoba wenye vyeti niupakate. Machela ikapanda mabegani na mimi nikapanda nayo.

Nimebebwa sana maishani. Nimebebwa mgongoni kwa mama kwenda shule ya msingi, nimebebwa na wanakwaya kupandishwa ngazi za kanisa, nimebebwa chuoni na wasichana waliokuwa wakipokezana kwa zamu. Wote walinibeba vizuri, na wote nimewaambia asante. Watu wanadhani kinachomchosha mtu kama mimi ni barabara. Barabara inachosha mikono. Kushukuru ndiko kunakochosha mahali ambapo huwezi kupakanda. Unashukuru kwa kupelekwa chooni na kwa kufunguliwa mlango, tena unashukuru kwa uso mkunjufu, kwa sababu ukishukuru huku umenuna watasema una kiburi. Asubuhi ile, juu ya mabega ya wanaume walioacha kazi zao, nilikuwa nawashukuru kwa dhati na nilikuwa nimechoka kwa dhati, na mambo hayo mawili yalikaa pamoja kwenye kile kijimkeka bila kugombana.

Tuliuvuka mfereji. Baba mdogo alikuwa akitoa amri kwa sauti ndogo, kushoto, taratibu, jiwe. Chini ya mteremko tukakutana na mwanamke mtu mzima anayepanda na mkungu wa ndizi kichwani. Alipotuona tu akautua mkungu kwenye majani, akafunga mikono kifuani.

"Pole waitu, mtu wetu," akaniambia. "Pole sana, mwanangu."

"Shikamoo, mama. Siumwi. Naenda kazini."

"Ndiyo, ndiyo. Utapona."

"Mama, nimeajiriwa. Ni mwalimu."

"Mungu ni mwema," alisema, akimtazama baba mdogo kwa macho ya kuuliza kama homa imepanda kichwani. "Mpelekeni haraka."

Kibarua mrefu alisubiri mpaka tumempita ndipo akasema, chini ya kiti chake, "Mwalimu, ungelala tu. Ukikaa ndiyo unaonekana umezidiwa zaidi." Na nilicheka mpaka machela ikayumba na baba mdogo akatukaripia wote wawili.

Barabarani gari dogo la kwenda Kaisho lilikuwa linangoja. Dereva aliiona machela ikitoka kwenye migomba. Alizima redio. Alisaidia kuniweka kiti cha mbele kwa mikono ya mtu anayeshika mayai, akafunga kiti mwendo juu ya gari, na hakuniuliza jambo lolote njia nzima. Kila tulipopita shimo alisema pole. Nilimweleza mara moja kwamba nakwenda kuripoti kazini, akajibu kwamba kazi haina maana, afya kwanza. Baada ya hapo niliangalia vilima. Ng'ombe walikuwa kwenye miteremko, maharage yalikuwa yametoa maua, na kahawa ilikuwa imeanza kuiva upande wa jua.

Langoni mwa shule, kabla sijafungua mlango, dereva alishamwita mlinzi. "Mgonjwa wenu huyu," alimwambia. "Mpokeeni polepole. Nimempokea kwenye machela."

Mlinzi akakimbia. Nilikuwa bado nahamia kwenye kiti changu wakati mkuu wa shule alipotoka ofisini, mwanaume mnene mwenye uso wa mtu asiyelala vya kutosha, na sauti ameshaipunguza.

"Mwalimu, pole. Pole sana. Ungepiga simu. Nenda kwanza ukatibiwe, kuripoti utaripoti hata wiki ijayo."

"Shikamoo, mkuu. Siumwi. Njia ya kwetu imekatika, wakanivusha kwa machela."

"Wakakuvusha," alirudia, na nikaona hakuniamini, ila adabu ilimzuia kusema. Akasoma barua yangu ya kupangiwa, akairudisha. "Tumekufikiria, usijali. Kuna stoo ya vitabu hapa chini. Ina kivuli, ina utulivu. Utakaa humo, wanafunzi watakuja kuazima. Vipindi tutawagawia wengine."

"Barua inasema kufundisha."

"Madarasa yana ngazi, mwalimu. Unaziona."

Niliziona. Madarasa yote yalikuwa yamejengwa juu ya msingi mrefu kwa sababu ya mteremko, na kila baraza lilikuwa na ngazi za saruji zilizobomoka kingo. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na shule yenye upungufu wa walimu, madawati, maji, na sasa ameletewa mwalimu ambaye kumpandisha tu ni kazi. Nilimhurumia kidogo. Kisha nikakumbuka kwamba kumhurumia ni njia nyingine ya kuishia stoo.

"Lile jengo ni nini?" Nilionyesha banda refu lililokaa sawa na ardhi, lenye masizi ukutani.

"Bwalo."

"Linatumika saa hizi?"

"Mpaka mchana hapana. Lakini hakuna meza za kusomea, hakuna ubao."

"Wanafunzi wanabeba viti vyao kwenda paredi, mkuu. Wabebe mpaka bwaloni. Ubao tutaanza bila huo."

Alijifuta jasho. Alitazama ngazi, akatazama bwalo, akatazama saa. Nadhani hakushawishika. Alichoka tu, na safari hii uchovu wa mtu mwingine ukawa upande wangu. Alimtuma kiranja, na baada ya muda kidato cha pili walianza kushuka ngazi na viti vyao vichwani, wakicheka, wakigongana, wakifurahi kama watoto wote wanaohamishwa darasa katikati ya asubuhi.

Bwalo lilinuka moshi na maharage ya jana. Sakafu ilikuwa tambarare. Nilisukuma magurudumu mwenyewe mpaka mbele, na wao wakapanga viti huku wakinitazama kwa pembe za macho. Mkuu aliingia nyuma yangu na kufunga mlango ili kuzuia kelele za jikoni. Akasimama kando yangu, akaweka mkono kwenye mgongo wa kiti changu.

"Huyu ni mwalimu wenu wa Kiswahili," aliwaambia. "Kama mnavyomwona, Mungu ana makusudi yake. Msimsumbue. Asubuhi hii tu ametoka kwenye machela, lakini amejitahidi kuja. Mnasemaje?"

Wakasimama wote. "Pole, mwalimu," walisema kwa pamoja, na nyuso zao zikawa zile zile nilizoziacha barabarani.

Nilikuwa na uchovu wa kutosha kulala pale pale. Ingekuwa rahisi kusema asante. Neno lenyewe lilikuwa limeshafika mdomoni, lilijua njia.

"Mkuu," nilisema, "naomba kuanza kipindi."

"Anza tu, mwalimu. Mimi nitasimama hapa nikusaidie kuwatuliza."

"Nitawatuliza mwenyewe."

Mkono wake bado ulikuwa kwenye kiti. Niliwageukia wanafunzi, ambao walikuwa bado wamesimama, hawajui wakae au wasubiri.

"Mwalimu akiingia darasani, anaambiwa pole?"

Msichana mmoja wa mbele akatikisa kichwa.

"Anaambiwaje?"

Walitazamana. Kisha sauti moja, kisha nyingine, kisha wote, "Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Kaeni. Aliyekaa nyuma kabisa aniambie leo asubuhi, kabla hajafumbua macho, alisikia nini."

Viti vikaburuzwa. Kijana wa nyuma akainuka akijikuna shingo, akaanza kusema juu ya ndama. Wengine wakacheka, mtu akamwambia aongeze sauti. Nikausikia mkono ukiondoka kwenye kiti changu. Sikugeuka. Mkuu alivuka bwalo kwa hatua za kunyata, kama mtu anayetoka kanisani katikati ya mahubiri, na mlango ukafungwa nyuma yake.