Sikio Langu na Spika Mbili za Kanisa

Wacheni mimi kukhu yenu nicheke kwanza, wajukuu. Huku Bungoma nikigonga tu ngoma najua ngozi ni ya kenge ama ya ng'ombe. Basi kanisa la binti yangu kule Kitale wakaniita niwachagulie spika moja kati ya mbili. Nikaringa mbele ya kwaya yote, "Sikio yangu haijawahi kosea!"

Nikafunga macho. Ya kwanza ikaimba, nikasema, "Hii ni debe." Wimbo ukaanza tena, ai, nikaona ukungu ya kijiji chetu cha Misikhu, marehemu mama ananiita kutoka mtoni, machozi ikanitoka.

"Hii ya pili ndio mnunue!"

Mwalimu wa kwaya akainama. "Kukhu, ya pili bado hatujawasha. Umelilia ile debe."