Wifi Yangu na Biskuti za Meneja

Wifi yangu hajawahi kupima chakula kwa kikombe wala kijiko. Hupima kwa ulimi. Alipika kantini ya kiwanda cha sabuni tangu nywele zake zikiwa nyeusi, na sufuria za pale zilikuwa kubwa, akizisugua ilibidi aingie kichwa na mabega. Sisi tuliokuja kumsalimia tulisalimiana na makalio.

Chakula kikikaribia kuiva, alichota kidogo kwa mwiko, akadondosha kiganjani, akalamba, akatazama dari. Wanaume wazima na ovaroli zao walisimama na sahani mkononi, kimya, kama wanasubiri majibu ya mtihani. Akisema "Bado," hakuna aliyesogea. Akisema "Twende," mlango ulikuwa hautoshi. Ndiyo maana wakamwita Bi Onja, na mimi niliyeolewa na mdogo wake namwita hivyo hivyo. Nikikasirika namwita vingine, lakini hivyo haviandikiki.

Mume alikuwa naye zamani, mtu wa maneno machache. Siku moja maneno hayo machache yakawa "chumvi imezidi," na ndoa haikupona.

Kiwanda kilipofungwa, kila mtu aliondoka na alichoweza kubeba. Karani alichukua kiti cha magurudumu. Fundi wa mashine alichukua mlango, hata leo sijui ameuweka wapi, maana nyumba yake ina milango. Bi Onja yeye akamchukua Meneja.

Meneja ni mbwa. Rangi ya kahawia, sikio moja limesimama, la pili limestaafu. Walimpa jina hilo kwa sababu alifika kazini amechelewa, akazunguka akiangalia watu wanavyohangaika, akala, akalala kivulini. Meneja mwenyewe wa kiwanda alilijua jina hilo na halikumfurahisha, lakini angefanya nini? Yeye ndiye aliyemkuta mbwa kazini.

Basi wakahamia wote wawili kwenye vyumba viwili vya Bi Onja, mwisho wa safu, ukuta mmoja na karakana ya kuchomelea vyuma. Shida ikaanzia hapo. Mkono uliozoea kulisha kiwanda kizima haujui sufuria ndogo. Bi Onja alipika kama zamu nzima iko njiani inakuja, na zamu yenyewe ilikuwa ni Meneja. Mchuzi wa kitunguu, mboga ya kitunguu, maharage yenye kitunguu juu na kitunguu chini. Mbwa akavimba. Akilala ni meza. Akiamka ni meza inayohema.

Nilimwambia, "Wifi, huyo mbwa utamlipua."

Akaniambia, "Wifi, wewe mwenyewe ulipoolewa hapa ulikuwa kama ufito. Nani alikunenepesha? Ulilipuka?"

Si kwamba sikuwa na jibu. Nilikuwa natafuna.

Mpaka asubuhi moja Meneja akashindwa kupanda baraza. Kibaraza chenyewe kina ngazi moja tu, hata kuku anaivuka akiwa na mawazo. Aliweka miguu ya mbele, akabaki pale anahema, ulimi nje, macho kwa Bi Onja. Bi Onja akamsukuma kwa nyuma, mimi nikavuta mbele, wachomeleaji wakaacha kazi kuja kutazama. Mmoja akauliza kama tunahitaji jeki.

Tukamwita daktari wa mifugo. Binti mdogo, viatu vya mpira, mpole.

"Shikamoo mama. Anakula nini?"

"Marahaba. Anakula chakula."

"Chakula gani?"

"Chakula, mwanangu! Kama unachokula wewe."

Yule binti akamkanda Meneja tumbo, akamsikiliza moyo kwa muda mrefu, akachuchumaa mbele ya Bi Onja. "Mama, kitunguu ni sumu kwa mbwa. Kinaharibu damu. Hata vitunguu saumu, usimpe. Chumvi nayo hapana, mafuta hapana. Huyu ni mzee, na moyo wake unabeba mzigo wa mbwa wawili. Ukiendelea hivi utamzika."

Hakusema kwa ukali. Ingekuwa kwa ukali, Bi Onja angemjibu.

Akatueleza la kufanya. Tumtengenezee biskuti zake hapa hapa nyumbani: ini lililochemshwa, unga, karoti, boga na yai. Zikauke vizuri. Apewe chache asubuhi na chache jioni, na atembezwe. "Ila asikae na njaa," akasema. "Amechoka tayari. Akigoma kula, niite mapema."

Alipoondoka, Bi Onja alikaa kwenye kigoda. "Chakula bila kitunguu," akasema, kama mtu aliyeambiwa aende harusini bila nguo.

Kesho yake akaniita. "Wifi, leta karai lako, na mdomo uuache nyumbani."

"Mdomo ndio unaobeba karai," nikamjibu, nikaenda.

Tulichemsha ini, tukaliponda. Tukakwangua karoti, tukaponda boga, tukavunja yai, tukamwaga unga, tukakanda mpaka vidole vikashikana. Mkono wa Bi Onja ukawa unakwenda wenyewe kwenye kapu la vitunguu. Nikaupiga. Ukarudi. Nikaupiga tena. Mwisho nililifunika kapu kwa karai na kulikalia karai, nikakata biskuti nikiwa juu yake kama kuku anayeatamia.

Alitaka ziwe na umbo la mfupa. Zikatoka kama nyundo. Tukazipanga kwenye sinia, sinia ndani ya sufuria yenye mchanga, makaa chini, makaa juu ya mfuniko, tukangoja. Harufu ilikuwa nzuri, siwezi kusema uongo.

Akamwekea Meneja sahani yake ya bati. Akaiweka chini akiwa amegeuza uso, kama mtu anayetupa takataka ya jirani. Meneja akanusa, akamtazama Bi Onja, akangoja. Akangoja sana. Halafu akalala, kidevu chini, sahani mbele yake.

Jioni, sahani ile ile, nyundo zile zile. Kesho yake hivyo hivyo. Bi Onja akabadilisha sahani. Akazipasha moto. Akamwekea karibu na mdomo. Akamgombeza: "Nimelisha watu wenye meno ya bandia wakaomba nyongeza! Wewe nani?" Meneja akanywa maji, akarudi kulala. Ile siku iliyofuata hakuinuka hata kwa maji, tulimsogezea bakuli.

Mimi nilijua mambo ni mazito pale nilipomwambia, "Wifi, gauni umelivaa nje ndani," akanijibu, "Asante."

Asante! Mwanamke huyu tangu niolewe hajawahi kunishukuru hata nilipomzalia mdogo wake watoto. Nikavuta kigoda, nikakaa.

"Wifi," akasema, "wafanyakazi wote wale wameshaondoka. Amebaki huyu mmoja wa kumpikia. Na huyu mmoja hali chakula changu. Sasa mimi ni mpishi wa nini?"

Nikamwambia tumwite yule binti. Akasema tutamwita. Lakini mkono ulikuwa umeshaingia kapuni, na safari hii sikuwa nimelikalia. Akatoa kitunguu kikubwa, akashika kisu.

"Wifi, weka chini."

"Bora afe ameshiba."

"Wifi, ni sumu!"

"Njaa nayo je? Ni dawa?"

Akaanza kukimenya. Machozi yalikuwa yanamtoka kabla hajakata.

Hapo ndipo alipoingia mume wangu, yaani mdogo wake, akitoka kazini. Tumbo la huyo baba halina mlango, ni uwazi tu. Hakusalimia mtu. Aliona sahani ya bati imejaa, akainama, akachukua nyundo moja, akauma. Sisi wote wawili tukabaki tunamwangalia.

"Dada," akasema, anatafuna, "mbona hizi hazina chumvi?"

Meneja akainua kichwa.

Akainuka. Taratibu, miguu inatetemeka, mpaka akasimama. Akamwendea mume wangu, akamtazama mdomo unavyokwenda. Halafu akageuka, akamtazama Bi Onja. Si uso. Mdomo. Akakaa chini, akangoja.

Mimi sikusoma sana, lakini macho ninayo.

"Wifi, hizi biskuti umezionja?"

"Nionje chakula cha mbwa?"

"Kwa hiyo hujaonja."

"Wifi, usinichokoze, nina kisu."

"Chokochoko ziko wapi? Miaka yote ile kantini, huyu mbwa amekaa mlangoni anakuangalia ukilamba kiganja. Hajawahi kula kitu ambacho hakijapita kwako kwanza. Leo unamwekea sahani, unageuza uso. Hata mimi ningekataa! Mtu akikupikia chakula, yeye mwenyewe hataki kukigusa, utamwitaje?"

"Mchawi," akasema mume wangu, mdomo umejaa. Halafu akaacha kutafuna. "Kwani hizi za nani?"

"Za mbwa," nikamwambia.

Akaitazama ile iliyobaki mkononi. Akafikiri. "Nimeshaianza," akasema, akamaliza, akachukua nyingine.

Bi Onja aliweka kisu chini. Alinawa mikono, akafuta machozi kwa kiwiko, akachukua biskuti moja. Akaimega kiganjani kama zamani. Akalamba, akatafuna, akatazama dari. Pale nyumbani kwake hakuna dari, ni bati na buibui, lakini alitazama. Meneja akasimama, mkia unapiga ndoo.

"Bado," akasema Bi Onja.

Masikio ya Meneja yakaanguka, hata lile lililosimama. Akarudi kulala.

Nikaruka. "Wifi! Sema twende!"

"Sisemi twende kwa kitu ambacho hakijafika."

"Mbwa anakufa!"

"Avumilie kidogo, asife kwanza. Huu unga mbichi, hukuukaanga. Karoti imekaa humu kama mgeni. Ini nalo tulilichemsha, supu yake tukaimwaga. Nani alimwaga supu?"

Aliimwaga yeye. Nikaendelea kukwangua karoti.

Wallahi, siku ile ndiyo niliona kwa nini wanaume wa kiwandani walikuwa wanasimama kimya. Alikaanga unga mkavu mpaka ukanukia, akakanda kwa supu ya ini badala ya maji, akalikamua boga kwa kitambaa, akazikata ndogo ndogo, nyembamba, akapunguza makaa. Akaonja unga. Akaonja donge lililokandwa. Mume wangu akaomba aonje na yeye, akapigwa mwiko. Zile nyundo za mwanzo tulimwachia.

Zilipotoka alipuliza moja, akaimega kiganjani, akalamba. Hakuna aliyepumua. Hata wachomeleaji walikuwa wamezima mashine yao, sijui nani aliwaambia. Wamepanga vichwa kama vyungu juu ya ukuta, ule usiofika kwenye bati.

"Twende," akasema Bi Onja.

Meneja alikula. Alikula huku sahani inateleza sakafuni, yeye nyuma yake, mpaka wakagonga mlango wote wawili, akaendelea kula pale pale mlangoni. Wachomeleaji wakashangilia. Bi Onja akageukia jiko akasema moshi unamuumiza macho, na makaa yalikuwa yameshazimika kitambo.

Tangu siku ile ndiyo maisha yao. Asubuhi Bi Onja anauma moja, Meneja anauma moja. Hawezi kumdanganya, alijaribu siku moja kutafuna hewa, mbwa akamngojea mpaka akaona aibu. Halafu wanatoka kutembea mpaka kisimani na kurudi, na huko njiani Bi Onja anagombana na kila mtu, kwa hiyo mazoezi yanawafaa wote wawili. Mume wangu ananiuliza kwa nini mimi siwezi kupika hivyo. Nimemwambia ajifunge kamba shingoni, aende kwa dada yake.

Juzi yule binti wa mifugo alikuja kuangalia maendeleo. Meneja alishuka barazani kumpokea na akapanda tena mwenyewe, bila jeki. Binti akamsikiliza moyo, akatabasamu, akamkanda tumbo ambalo sasa lina mbavu pembeni.

"Mama, umefanya kazi kubwa. Na wewe mwenyewe naona umepungua."

"Mimi sina la kusema," akasema Bi Onja. "Muulize mlaji."

Binti akafurahi, akachukua biskuti kwenye sahani, akamnyooshea Meneja. "Haya mzee, chukua."

Meneja hakuchukua. Akakaa chini kwa adabu zote, akamtazama daktari mdomo.

"Ana nini?" binti akauliza.

Mimi nikatazama pembeni, maana kicheko kilikuwa kimefika kooni.

"Anakungoja," akasema Bi Onja.

"Ananingoja nifanye nini?"

"Mwanangu, wewe ndiye uliyemwandikia hizi biskuti. Uma."

Binti wa watu akatutazama, akaitazama biskuti, akamtazama mgonjwa wake. Akafumba macho, akauma kona. Akatafuna. Meneja akamsogelea, akaweka kichwa upande, akasubiri kwanza ameze.