Mkia wa Mchana

Juzi, stendi ya Ikwiriri, nilimwona binti ameketi juu ya begi lake, jua linawaka, anasoma hadithi ya majini kwenye simu huku anacheka peke yake. Mkono wangu ukaenda wenyewe kiunoni, kwa nyuma.

Kwetu Umwe, bibi alitukataza hadithi za mchana. Anayesimulia kabla jua halijazama huota mkia. Lakini alasiri moja nilikuwa na kitabu cha kuazima, na nisingeweza kungoja usiku. Nilijificha nyuma ya nyumba, juu ya mkeka uliojaa makapi ya ufuta. Kitabuni kulikuwa na mji chini ya mto, na mamba wa shaba ndiyo kwanza ameamka! Nikajikuta nasoma kwa sauti. Mara nikahisi mwasho kiunoni. Leo najua yalikuwa makapi tu. Siku ile niliangua kilio.

Bibi akatoka mbio, ungo mkononi. "Una nini wewe?"

"Naota mkia, bibi. Nimesoma hadithi mchana."

Akanitazama, akakitazama kitabu, kisha akaketi mkekani. Kumbe alikuwa akinisikiliza dirishani tangu mwanzo.

"Ukiota tutaukata," alisema. "Huyo mamba, ameubomoa mji?"

"Sijafika, bibi."

"Sasa unangoja nini? Soma!"

Siku hizi natunga hadithi za namna hiyo mwenyewe, mchana kweupe. Zikinoga, kiuno huniwasha. Kisiponiwasha, naanza upya.