Madirisha ya Upepo wa Bahari

Juzi nilikaa kibarazani kwa binti yangu, Dar es Salaam, saa kumi za jioni. Upepo wa bahari ukaja, ukanikausha jasho lote. Binti akauliza mbona nimenuna. Mvi zote hizi, ndiyo kwanza nimeelewa kwamba yule afisa aliyepanga kijiji chetu, tuliyemwita bwana mipango, hakutudanganya. Alikuwa anasimulia habari za kwao.

Sisi ni watu wa milima ya Mamboya. Nyumba ya bibi ilikuwa na kuta nene za udongo, kidirisha cha kupitisha mkono, na mafiga humo humo ndani. Tulilala tukinuka moshi na mahindi ya kuchoma, na baridi ya mwezi wa saba tukaiachia nje.

Vikaja vijiji vya ujamaa. Tukahamishwa wote, tukapangwa mistari kando ya barabara, juu ya mgongo wa kilima usio na mti. Bwana mipango, mtu wa pwani mwenye sauti ya upole, akaagiza kila nyumba iwe na madirisha mawili makubwa upande wa mashariki, na jiko litoke nje. Alasiri, alisema, upepo wa bahari utaingia na kutoa joto na maradhi. Kwao ni kweli kabisa. Bahari huchelewa kupata moto na huchelewa kupoa, hivyo mchana inawapepea, na usiku haiwaachi wakatetemeka. Lakini bahari na Mamboya wapi na wapi? Sisi upande wa mashariki ulituletea vumbi mchana, na jua likizama, baridi ya kukata mifupa.

Mama alikuwa na mtoto mchanga, mdogo wangu wa kiume. Bibi akaziba madirisha kwa magunia. Ndipo ikatangazwa kwamba wageni wa wilaya wanakuja kukagua kijiji, na balozi wetu wa nyumba kumi akapita akiyatoa magunia, huku akituomba radhi. Wageni hawakuja siku ile, wala iliyofuata, na hakuna aliyethubutu kuziba tena. Mtoto akashikwa na kichomi. Bibi alimfunika kwa kila khanga iliyokuwemo ndani. Hakufika Jumapili ya kubatizwa na kupewa jina.

Bwana mipango alikuja msibani. Tulimwamkia shikamoo, akaitikia kwa shida, akampa mama pole. Mama hakuinua uso.

"Upepo wako umefika, baba," alisema.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Wetu alikuja, tukazika. Baadaye watu walirudi milimani mmoja mmoja, na kijiji kile sasa ni nyasi tupu. Wenzangu wanazikumbuka nyimbo za shamba la pamoja, na kweli zilikuwa tamu, lakini mimi siziimbi. Mama alizaa wengine baada ya mtoto yule. Kila alipotutaja watoto wake kwa kufuatana, akifika baada yangu alinyamaza kidogo, kwa kuwa hapo hakuwa na jina la kutaja.