Mskoti Aliyeondoka na Sauti ya Baba

Chumba chetu cha mbele kule Malvern, Johannesburg, kilinukia sufu iliyopigwa pasi ya mvuke, tangawizi na mafuta ya cherehani. Baba, mzaliwa wa Tanga, alikuwa fundi wa nguo, na mlango wake ulitazama Barabara ya Jules. Majira ya baridi yaliyofuata Kombe la Dunia, nikiwa na miaka kumi, mama mmoja wa kampuni ya filamu alileta mavazi ya kupunguzwa. Akamsikia baba akiongea na mama yangu, akamwomba amfundishe Kiswahili mwigizaji kutoka Skotland. Filamu ilihusu daktari wa zamani huko Tanganyika, ila ilipigwa picha hapahapa Johannesburg. Baba alikubali kabla hajamaliza kuombwa.

Basi akaja, mrefu, pua nyekundu kwa baridi, na "shikamoo" mdomoni tangu mlangoni. Mgeni njoo mwenyeji apone, husema watu, mimi niliugua. Kila jioni alikalia kigoda changu kando ya cherehani, naye baba akimkazia macho mdomoni kama anayekagua mshono. "Taratibu, mwanangu. Rudia." Mwanangu! Jitu zima lenye ndevu! Akikosea, baba alicheka. Akipatia, mama aliitwa kutoka jikoni aje asikie. Mimi Kiswahili nilikielewa chote, lakini kama watoto wengi wa mtaa wetu nilijibu kwa Kiingereza au Kizulu, na baba alikuwa amekwishachoka kunisahihisha.

Mezani hadithi ilikuwa moja tu, maisha ya Mskoti. Eti baba yake aliunda meli hadi kazi ikaisha. Eti alianzia michezo ya kuigiza kwenye ukumbi wa kanisa, akawa polisi wa kwenye runinga miaka chungu nzima, na London walimcheka lafudhi ya kwao mpaka akaificha.

"Kijana wa watu amehangaika," baba alisema.

"Eish, baba, na mimi je?" nikauliza, kwa Kiingereza.

"Wewe una shida gani? Kula ugali."

Mama akacheka. Wallahi nilitamani kummwagia mtu mchuzi.

Filamu ilipotoka tuliitazama nyumbani, majirani wamejaa hadi mlangoni. Daktari aliinamia mtoto mgonjwa, akasafisha koo kidogo, akasema, "Pole, mwanangu. Nipo." Lilikuwa koo la baba. Namna ile ya kuvuta maneno pia ilikuwa ya baba. Watu wakapiga makofi, baba akajifuta macho kwa utepe wake wa kupimia. Mcheza kwao hutunzwa, na huyu alikuja kucheza kwetu akatunzwa yeye! Nikaenda jikoni kuosha vyombo bila kuagizwa na mtu.

Mskoti alipanda chati. Alipata tuzo, sasa anaigiza wafalme na mababu, na nasikia lafudhi ya kwao ameirudia. Baba alifariki. Tuna picha zake tele, lakini sauti hatukuwahi kuirekodi. Kiswahili nilijifunza ukubwani, na wanaonisikia husema naongea kama mtangazaji wa redio.

Wiki iliyopita mwanangu aliniuliza babu yake alikuwa anaongeaje. Nikajaribu, ikatoka redio. Nikauma meno kwa wivu uleule, nikamwekea filamu pale kwa mtoto mgonjwa.

"Kumbe babu alikuwa mzungu?" akauliza.

Nikamwambia afumbe macho.