Wasifu wa Baba Una Watoto Watano

Baba yangu hakuwa mkulima. Naanza na hilo kwa sababu kanisani kwetu Uyole, jeneza lake likiwa mbele, ilisomwa kwamba alikuwa mkulima, na watu wakatikisa vichwa kukubali kama vile waliwahi kumwona na jembe. Jembe la nyumba yetu lilikuwa la mama. Baba akilishika, baada ya tuta moja unamkuta amesimama, anasikiliza lori linavyobadilisha gia kule barabarani.

Karatasi ya ibada ninayo. Ina picha yake ya kitambulisho, amekodoa macho, na chini yake Wasifu wa Marehemu, mistari tisa. Mzee wa karibu miaka tisini, mistari tisa. Aliyeiandika ni kaka yangu mkubwa. Aliyemwambia aandike hivyo ni shangazi, dada yake baba. Aliyeisoma ni mchungaji. Nawataja hao watatu sasa hivi, wa nne nitamtaja nikimfikia.

Mimi niliishia darasa la nne, hivyo mtanivumilia nikipinda. Niliishia hapo kwa sababu ya baba mwenyewe, na hilo nalo sitalificha.

Alizaliwa milimani Mufindi, kwa Wahehe. Akiwa kijana aliwafuata kwa miguu wapasuaji mbao, wale wa msumeno wa watu wawili, mmoja juu ya gogo, mwingine chini shimoni anakula vumbi la mbao. Yeye alikuwa wa chini. Vumbi likamchosha, akaenda Chunya kuchimba dhahabu. Dhahabu hakuipata, akampata mama. Kutoka hapo akawa utingo, halafu dereva wa lori la mbao la tajiri mmoja wa Mafinga. Akaenda Mbeya, akaenda Tunduma, akavuka mpaka Zambia, akarudi na vitenge na habari za kila daraja. Na kila alipokwenda alitubeba wote.

"Mwanamume analala Zambia, wanawe wako Mafinga," alimwambia mama. "Huyo siyo baba. Huyo ni barua."

"Na shule yao?"

"Shule ina miguu, mama? Itawasubiri."

Haikunisubiri.

Tulikuwa watoto sita. Mama alikaa mbele na kitinda mimba, sisi wengine juu ya mbao, turubai mgongoni, harufu ya msonobari mbichi puani. Baba akipita watu anatoa kichwa dirishani, anapaza sauti kwa salamu ya kwao, "Kamwene!" nao wanaitikia mpaka wanaachwa nyuma. Kaka ndiye aliyekuwa mkubwa, miaka kumi na nne. Kazi yake ilikuwa moja tu, kutushika. Kwenye kona alimpakata mdogo wangu anayenifuata, msichana wa miaka mitano, mimi nikajishikilia kwenye kamba.

Breki zilikuwa mbovu na tajiri alijua. Nilikuwepo baba alipomwambia.

"Tajiri, hizi hazishiki."

"We ni dereva au fundi? Kama unaogopa, utingo wako ataendesha."

Baba akapanda. Kwenye mteremko wa kuja Uyole lori likakataa kusimama, likaiacha barabara, mbao zikamwagika na sisi juu yake. Nilipoinua kichwa niliona kaka amekaa kwenye majani, mikono yake bado imekunjwa vilevile kama amempakata mtu. Hakuwa na mtu. Mdogo wetu alikuwa chini ya mbao.

Tulimzika palepale, kijiji cha chini ya mteremko. Wasafwa wa pale, watu tusiowajua hata kwa sura, waliacha kuchimba viazi wakatuchimbia kaburi. Tajiri alituma salamu za pole na mtu wa kuangalia lori.

Baba hakushika usukani tena. Tulihamia Uyole, akanunua baiskeli. Msidhani alitulia. Alikwenda nayo Usangu, alikwenda nayo mpaka kwao Mufindi, siku tatu njiani, mzee mzima. Na mama alipopofuka, alimfungia mto kwenye keria akawa anamzungusha. Siku ya gulio Mbalizi alikuwa anatembea akisukuma baiskeli, mama juu yake, anamweleza kila kitu: hapa wanauza mbegu, hapa mama mmoja mnene kagombana na konda. "Mnene kama nani?" mama anauliza. "Kama wewe ulivyokuwa Chunya." Mama anampiga ngumi ya mgongo, watu wanacheka. Miaka kumi na moja alimfulia, alimpikia, aliona kwa niaba yake. Kila walipopita chini ya ule mteremko alisimama, akapiga kengele ya baiskeli, wakaondoka. Mama hakuhitaji kuambiwa hapo ni wapi.

Mama alitangulia. Baba akabaki kwangu, na hapo ndipo alianza kuniambia habari ya wasifu. Kila mazishi ya jirani akirudi, anauliza, "Yule naye wamemwandika mkulima?"

"Ndiyo, baba."

"Alikuwa fundi saa! Asiye na ofisi wote ni wakulima. Mimi uandike dereva. Na uandike watoto sita."

Nikamwambia, baba, ukiandikwa dereva watu watalikumbuka lori.

"Ndiyo nataka. Usukani nilikuwa nao mimi. Kaka yako amebeba kitu kisicho chake tangu siku ile, nikimwambia hataki kusikia, anaondoka. Labda kikisomwa kanisani atasikia, maana pale hawezi kuondoka."

Nilimwahidi. Siku aliyokufa nilimpa kaka maneno yale, dereva, watoto sita, nikamwona anaandika kwenye kiganja cha mkono. Kumbe shangazi alimfuata nje. "Mwanangu, usitutie aibu. Mtoto wa zamani vile unamfufua wa nini? Andika mkulima, wote tunaelewa." Kaka akaandika mkulima. Akaandika amejaliwa watoto watano.

Mchungaji nilikuwa nimemweleza vestrini, anapovalia joho, mdomo kwa sikio. Akasema, "Mama, mimi nasoma nilicholetewa na familia."

"Na mimi ni nani?"

"Nimeletewa na kaka mkubwa."

Aliposoma "watoto watano" nilisimama. Nilisema "Sita." Kanisa zima likageuka. Mchungaji akasema, "Makosa ya uchapaji tutarekebisha baadaye." Shangazi alinivuta kanga, "Kaa, mtoto, kaa," na kaka, kwenye benchi la mbele, hakugeuka. Mabega yake tu niliyaona yanapanda na kushuka. Nikakaa.

Wa nne ni mimi. Ningesimama dakika moja zaidi, ningesema dereva, ningesema usukani alikuwa nao baba. Nilikaa.

Baadaye kikaja kikao cha ukoo, katibu akanakili kutoka kwenye karatasi ileile. Watoto watano. Tukatia sahihi wote. Nami nilitia, nimechoka, nimevimba macho.

Mwaka huu wanapanua barabara. Mtu wa gulioni aliniambia makaburi ya chini ya mteremko yamepigwa alama ya X nyekundu, wenye ndugu wajiandikishe wawahamishe, wasio na ndugu watapelekwa pamoja shimo moja mbele huko. Nilikwenda. Mawe ya kaburi la mdogo wangu yapo bado, na X juu yake, rangi imechuruzika. Mtendaji wa kijiji ni kijana mwenye adabu.

"Mama, una karatasi inayoonyesha ni ndugu yenu?"

Nilikuwa na karatasi mbili, wasifu na muhtasari wa kikao. Akazisoma taratibu, kidole kikifuata mstari.

"Hapa naona watano, mama, na wote wako hai. Sasa huyu ni wa nani?"

"Ni wetu."

"Nakuamini mimi. Ila mkandarasi anataka maandishi. Kaka yenu mkubwa, aliyetia sahihi wa kwanza, ndiye aandike barua."

Nilimkuta kaka nyumbani kwake anafunga mlango wa banda. Nilimweleza yote, na safari hii nikamwambia na lile la usukani, neno kwa neno kama alivyosema baba.

Alikaa kwenye gogo.

"Alisema hivyo?"

"Alisema. Ndicho alitaka kisomwe kanisani."

"Si hakikusomwa?" akasema. "Basi."

"Kisomwe vipi na wewe ndiye uliyeandika?"

Akaangalia mikono yake. "Nikiandika sita watauliza wa sita nani alikuwa amemshika. Siwezi, mdogo wangu. Niache."

Nimemwacha. Wiki iliyopita nilipita tena pale. Mawe hayapo, katapila limesawazisha, udongo mwekundu mtupu mpaka kwenye lami. Shimo la pamoja liko wapi hakuna aliyeweza kunionyesha. Kengele ya baiskeli ya baba nilikuwa nimeing'oa nikaja nayo mfukoni. Sikuipiga. Ningempigia nani, na amelala wapi?