Picha Mbele ya Mibuni

Mdogo wangu, binti aliyenifuata, huanza kazi ya picha kwa kutazama kila kitu isipokuwa watu. Tukifika mahali, huwaacha waendelee kusalimiana, naye huzunguka akichungulia kuta, miti na kamba za nguo. Mwanzoni nilidhani anapoteza wakati. Mimi niliacha shule wazazi wetu walipofariki, ili yeye na wadogo zetu wengine waendelee, na kamera hakuna aliyenifundisha. Lakini Jumamosi humbebea mikoba, na yale machache ninayoyajua nimeyapata kwa kumtazama.

Siku ninayoikumbuka zaidi ni ile ya kazi yake ya kwanza bila mwalimu wake wa picha, katika ruracio, yaani sherehe ya mahari, upande wa Gakindu. Kwetu bwana harusi huletewa wasichana waliofunikwa leso kutoka kichwani hadi miguuni, naye lazima amtambue wake. Kumfunua ni mara moja tu. Huwezi kumwambia bibi harusi ajifunike tena ili acheke upya. Picha hiyo ikiharibika, mdogo wangu alijua hakuna mtu wa upande ule angemwita tena.

Shangazi wa bibi harusi alikuwa ameshapanga mambo. Wasichana wangesimama mbele ya nyumba mpya ya mawe.

"Shangazi, madirisha yanang'aa," mdogo wangu akamwambia. "Magari yote yataonekana kwa kioo. Tuwaweke kule, mbele ya kahawa."

"Kahawa? Msichana wetu apigwe picha kama mchumaji? Hii nyumba tulijenga ya nini?"

Wanawake waliokuwa wakimenya viazi wakaangua kicheko. "Mwambie! Ati kahawa!"

Mdogo wangu hakubishana. "Basi nikupige wewe kwanza, hapa na kule. Uchague mwenyewe."

Shangazi akajinyoosha mbele ya nyumba, akapigwa. Kisha wakaenda kwenye mibuni. Alipotaka kuegemea matawi, mdogo wangu akamvuta mbele hatua kadhaa, akamgeuza bega, kisha yeye mwenyewe akarudi nyuma na kamera yake na kuchutama. Majani yalikuwa bado na unyevu wa ukungu wa asubuhi. Kwenye kioo cha kamera yaligeuka kijani kizito, kimetulia, na kitambaa cha njano alichojifunga shangazi kichwani kikawaka peke yake.

Shangazi alizitazama picha zote mbili kwa muda.

"Huyu wa kwanza amemea bomba kichwani," akasema. Kweli, bomba la maji ya mvua lilikuwa limesimama wima juu ya kitambaa chake.

"Ni wewe, shangazi."

"Na huyu?"

"Ni wewe pia."

"Hapana. Huyu ndiye mimi. Huyo wa bomba simjui." Akageuka na kupaza sauti: "Nyinyi wasichana! Nani aliwaambia msimame kwa nyumba? Njooni huku!"

Bwana harusi alipoletwa, alipita mbele ya leso zote, akampita hata bibi harusi mwenyewe. "Ukikosea unalipa mbuzi!" wageni wakamtania. Akarudi, akainama kutazama vidole vya miguu vilivyochungulia chini, akaivuta leso moja. Bibi harusi alicheka huku machozi yakimtoka. Mdogo wangu alikuwa ameshapiga goti, kamera jichoni.

Aliponionyesha picha ile, sikuona kitu kilichoshindana na uso ule kuvuta jicho. Ila pembeni, mbali, umefifia lakini unajulikana, ulikuwa ukuta wa ile nyumba ya mawe. Sikuwa nimemwona akipima nafasi hiyo. Alikuwa amempa shangazi nyumba yake bila kumnyang'anya bibi harusi picha.

"Na nyumba yetu iko!" shangazi akapiga makofi.

Baada ya hapo wale wamenya viazi walivua aproni. Mmoja akamuuliza mdogo wangu kama ana nafasi mwezi ujao, kwao Murang'a kuna ruracio. Watu walipoitwa kula, foleni ya picha mbele ya mibuni ilikuwa ndefu kuliko ya mukimo, na mdogo wangu alikuwa akisema, "Songa mbele kidogo, mama. Hapo. Sasa niangalie."